Tangazo Muhimu Sana

Hapa Kilwa Masoko kila jambo hupitia mdomoni mwa Yunusu Mkumba. Maji yakikatika anatangaza yeye. Chanjo ya kuku, mkutano wa mtaa, mnada wa mitumba, mtu kafariki na maziko ni baada ya alasiri, yote atayasema yeye. Ana bajaji ya zamani yenye spika mbili za tarumbeta juu ya paa, na ana mashine ya kukuza sauti ambayo hulala kwangu mara nyingi kuliko inavyolala kwake. Mimi ni fundi redio, kibanda changu kipo karibu na stendi, na mashine ile nimeifungua na kuifunga mpaka nimeichoka.

Lakini mashine hainiudhi kama yanavyoniudhi maneno yanayopita ndani yake. Mtu anakuja na habari fupi, ya kusemwa kwa pumzi moja. Kesho maji hayatoki. Yunusu anamwambia, "Basi nitasema hivyo. Kesho maji hayatoki, tekeni leo."

Mteja ananuna. "Mbona halina uzito, kaka? Anza na tangazo muhimu sana. Halafu wananchi wote mnatangaziwa. Halafu mwisho sema bila kukosa."

"Bila kukosa nini? Maji yenyewe si ndiyo yanakosekana?"

"We weka tu."

Anaweka. Afanye nini, naye anakula kwa mdomo huo huo. Mwenye mnada wa mitumba anataka "fursa ya kipekee" na "ukikosa utahadithiwa". Watu wa semina wanataka "wadau wote" na "changamoto mbalimbali". Chanjo ya kuku nayo ni muhimu sana. Hata mpira wa vijana wa stendi na vijana wa sokoni, ambao haujawahi kumalizika bila ugomvi, ni muhimu sana, na wananchi wanaombwa kujitokeza kwa wingi. Mara moja Yunusu alijaribu kulitangaza tangazo la mtu kwa maneno yake mwenyewe, mafupi, akapita mitaa yote. Mwenye tangazo alimsubiri kibandani kwangu akiwa amevimba, akamwambia arudie upya, safari hii aseme kitaalamu. Yunusu akarudia. Niliona mishipa ya shingo imemsimama.

Zamani alikuwa mpiga debe pale stendi, na mpaka leo anauita ule wakati kazi ya kweli. "Nilikuwa nasema Lindi," huniambia, "na gari lilikuwa linakwenda Lindi." Mama yake alikuwa akikaanga vitumbua ukutani mwa stendi hiyo hiyo. Baba yake aliondoka Yunusu akiwa hajaanza kutembea, hakurudi, na vitumbua vile ndivyo vilivyomvisha na kumsomesha kadiri alivyosoma. Yeye anapakia abiria, mama yupo na chungu chake, jioni wanarudi pamoja. Sijapata kuona mtu mzima anayemheshimu mama yake kama Yunusu. Akipita mbele yake huinama. Na jina lake hajawahi kulitamka.

Hilo si ajabu kwa watu wa huku. Mtoto hamtaji mzazi kwa jina kavu, na mama mwenye mtoto huitwa kwa mtoto wake. Bibi yule alikuwa Mama Yunusu kwa jirani, Bi Mkubwa kwa wakwe, na kwa wajukuu ni Bibi basi. Lakini Yunusu alizidisha. Wakienda hospitali na mhudumu akauliza jina la mgonjwa, yeye humgeukia mkewe, Hafsa, na Hafsa ndiye anayesema. Yunusu huangalia ukuta.

Tangu mwaka jana akili ya bibi imeanza kuhama. Anauliza kama mchele umelowekwa, wakati chungu cha vitumbua kilishapasuka zamani. Anamwita Hafsa dada. Baadhi ya siku anasimama mlangoni na kuaga kwamba anakwenda kwao, wakamrudisha taratibu, akarudi bila ubishi.

Siku ninayoisimulia hakuaga. Ilikuwa baada ya adhuhuri, Yunusu yupo kibandani kwangu, mashine imefunguliwa mezani, na Hafsa akaja mbio kichwa wazi, kanga imemwangukia mabegani.

"Baba Asha, mama hayupo," akamwambia mumewe.

"Hayupo vipi?"

"Nimekwenda uani kuanika nguo. Nimerudi, mkeka mtupu. Kandambili zipo, na fimbo ipo."

Tulianza na nyumba za jirani, kisha msikitini, kisha stendi, ukutani pale pa vitumbua, maana Yunusu alikuwa na hakika atamkuta pale. Hakuwapo. Bandarini kila tuliyemuuliza alitikisa kichwa. Jua likaanza kulala, na Yunusu akawa anaangalia upande wa mikoko, nami nilijua anawaza nini. Mwaka juzi mzee mmoja wa mtaa wa pili alipotea hivi hivi, akaingia mikokoni, maji yakajaa. Walimkuta kesho yake. Na jioni hiyo ilikuwa ya bamvua, maji yangejaa kuliko kawaida na mapema magharibi yangekuwa yamefika kwenye njia ya miguu.

Nilifunga mashine kwa haraka, nikaifungia kwenye bajaji, nikapanda nyuma kuishikilia kwa mikono kwa sababu skrubu moja niliiacha mezani. Hafsa akaishika bajaji mlango.

"Usimtaje," akamwambia mumewe. "Usiseme ni mama. Watasema tumeshindwa kumtunza. Na yeye watamwita mwehu, kesho watoto watamfuata njiani."

Yunusu akaitikia kwa kichwa. Akawasha kipaza sauti, na nikasikia kikitoka kile kile ninachokisikia siku zote, kwa mdundo ule ule wa kuimba:

"Tangazo, tangazo, tangazo! Tangazo muhimu sana, wananchi wote mnatangaziwa! Anatafutwa bibi mmoja, mtu mzima, amevaa kanga ya rangi ya kahawia. Yeyote atakayemwona anaombwa kutoa taarifa, bila kukosa. Nyote mnaombwa ushirikiano!"

Tulipita mtaa wa soko, tukapita mtaa wa chini, tukazunguka mpaka njia ya uwanja wa ndege. Nilikuwa nimekaa nyuma, ninawaona watu baada ya sisi kupita, na ninakuapia hakuna aliyegeuka. Mwanamke mmoja alikuwa anachambua mchele mlangoni, hakuinua hata macho. Muuza mihogo alimwita Yunusu kwa mkono, tukasimama roho juu.

"Eti mkutano saa ngapi?" akauliza.

"Mkutano gani?"

"Si huo unaoutangaza?"

Mbele kidogo mwanamke akatuzuia kwa ndoo tupu mkononi. Alitaka kujua maji yatakatika mpaka lini.

Kwenye baraza la wacheza bao tulisimama wenyewe. Yunusu alizima kipaza sauti akawaeleza kwa mdomo, kuna bibi kapotea, tunaomba watu wa kwenda mikokoni kabla maji hayajajaa. Walisikiliza vizuri. Wakaguna kwa huruma. Mmoja akainua dole gumba.

"Tupo pamoja, kaka."

"Tupo pamoja sana," akasema mwingine.

Tukasubiri. Hakuna aliyenyanyuka. Mchezo ukaendelea, kete zinalia, na Yunusu bado amewasimamia. Nilitamani kushuka niupindue ule ubao. Tupo pamoja! Neno hili siku hizi mtu analitoa kama anavyotoa chafya, kisha anarudi kwenye shughuli yake. Pamoja wapi, na wewe umekaa?

Mwenyekiti wa mtaa tulimkuta nyumbani kwake ananyoosha miguu. Huyu alisimama, nikasema afadhali.

"Hiyo ni changamoto," akasema.

"Ni changamoto kubwa. Kimsingi tumelipokea, na tunalifanyia kazi."

"Mnafanya kazi gani, Mwenyekiti?" nikamuuliza mimi. Najua halikuwa neno la adabu.

"Fundi, punguza jazba. Tutakaa, tutaangalia namna ya kuwashirikisha wadau."

Mama wa mtu yupo mikokoni au hayupo, Mungu ndiye ajuaye, na bwana huyu anataka kukaa. Nyumba ikiungua ni changamoto. Mtoto akifeli ni changamoto. Choo kikiziba, changamoto. Sasa na hili nalo likatiwa humo humo. Nikamwambia Yunusu aondoe gari kabla sijasema zaidi.

Mzunguko wa pili alivunja agizo la Hafsa. Alisema "mama yangu mzazi". Nikadhani sasa watasikia. Lakini ulimi ulishazoea njia yake. Aliponyanyua kipaza sauti tu ulianza wenyewe na tangazo muhimu sana, ukamalizia na bila kukosa, na yale maneno mama yangu mzazi yakapita katikati bila mtu kuyaona. Kijana wa bodaboda alipunguza mwendo ubavuni mwetu akatupungia. "Fresh, mzee baba! Mambo ni moto!" akasema, akatupita.

Yunusu akasimamisha bajaji katikati ya njia. Tulikuwa kwenye ile barabara ya vumbi inayopanda kuelekea uwanja wa ndege, nyumba za zamani huku na huku, nyua za makuti, moshi wa jioni. Jua lilikuwa limebaki kidogo sana. Aliweka kichwa kwenye usukani.

"Hawanisikii, fundi. Mimi ndiye niliyewaziba masikio. Kila siku nimewaambia muhimu sana. Kuku muhimu sana. Mitumba muhimu sana. Leo nina langu, sina neno la kulisemea."

"Unalo," nikasema. "Taja jina."

Alinitazama kama nimemtukana.

"Jina la nani?"

"La mama yako. Bibi mmoja ni bibi gani? Kilwa nzima ina mabibi. Kanga ya kahawia wanazo wote. Mtaje jina, na la baba yake, bila kitu kingine."

"Nimtaje mama yangu barabarani? Kwa spika?"

"Maji yanajaa, Yunusu."

"Huo si utu, fundi. Watu watanionaje? Yeye mwenyewe akisikia?"

Hapo nilipandwa na hasira, sikatai. Nikamwambia kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake: "Akisikia si ndiyo tunachotaka!"

Yunusu akazima injini, kitu ambacho hakifanyi kamwe anapotangaza, kwa sababu injini ile ina tabia ya kukataa kuwaka. Ukimya ukaingia. Nikaona mtu mmoja ametoa kichwa dirishani, nadhani ule ukimya ndio uliomshtua. Yunusu akashika kipaza sauti kwa mikono miwili na kufumba macho. Hakusema tangazo. Hakuimba.

"Mwahija," akasema.

Sauti ilikuwa ndogo, lakini spika zikaipeleka mbali. Akaita kwa nguvu zaidi.

"Mwahija! Mwahija binti Mfaume!"

Milango ilifunguka. Naapa, mitaa ile niliyoizunguka alasiri nzima bila kupata hata kope moja, sasa watu walitoka wenyewe. Na hawakutoka kwa huruma, walitoka kwa hasira. Bibi mmoja alikuja na mwiko wake mkononi, unga bado unadondoka.

"Wewe Yunusu! Umelewa? Unamtaja mama yako jina kavu njia kuu?"

"Astaghafirullah," akasema mzee aliyekuwa anakwenda kutawadha. "Mtoto wa watu ameharibikiwa."

"Amepotea," Yunusu akasema, na machozi yakamtoka mbele yao wote. "Mama amepotea tangu mchana. Nimewatangazia, nimezunguka."

"Umetangaza saa ngapi?" akauliza yule wa mwiko, na uso wake ukabadilika. "Mbona hatukusikia?"

Yunusu alinyanyua tena kipaza sauti. "Mwahija binti Mfaume!"

Na kutoka nyuma ya ua wa makuti, nyumba ya tatu kulia, ikatoka sauti nyembamba, ya haraka, sauti ya msichana aliyefundishwa adabu akiitwa na wakubwa zake:

"Abee!"

Bajaji niliiacha na mashine ikaanguka, sikujali. Tulipofika uani bibi alikuwa ameshasimama, miguu mitupu, anajifunga kanga vizuri kwa ajili ya kwenda alikoitwa. Pembeni yake alisimama mama mmoja, Bertha, mke wa Leonard, mkulima anayelima vilimani kule Kipatimu. Walihamia hapa si zamani.

"Huyu bibi ni wenu?" Bertha akauliza. "Amekuja tangu mchana. Ameingia akakaa jikoni, akaniambia maharage yangu hayana chumvi. Nikamuuliza anatoka wapi, akasema hapa ni kwao. Nikajua ni mtu wa upande wa mume wangu, maana ndugu zake huja bila taarifa. Nitaanzaje kumhoji mgeni ambaye hajala?"

"Hukusikia tangazo?" nikamuuliza. "Tumepita hapa mlangoni mara mbili."

"Nilisikia."

"Ukasikiaje?"

Akafikiri. Aliona haya, lakini alisema kweli. "Nilisikia Yunusu anatangaza. Nilidhani ni tangazo."

"Lilikuwa tangazo!"

"Naam, lakini nilidhani ni yale ya siku zote."

Yule mzee wa kutawadha, aliyekuwa ametufuata, akatazama kuta akasema kwa upole kwamba bibi hakukosea. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa ya marehemu Mfaume, ikauzwa binti akiwa ndiyo kwanza ameolewa. Yunusu alikuwa hajui. Alipita hapo kila siku ya maisha yake akitangaza mambo ya watu.

Bibi alikuwa anatutazama mmoja mmoja. "Na mimi nilisikia," akasema. "Kuna bibi wa watu kapotea, maskini. Nikamwambia mwanangu huyu tumwombee. Wamempata?"

Bertha ndiye aliyesema, "Wamempata, bibi."

"Alhamdulillahi." Kisha akakumbuka. "Nani aliyeniita?"

Watu wote wakamtazama Yunusu. Aliinama kama anavyoinama siku zote akipita mbele yake.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Bibi akamsogelea, akamshika kidevu, akaunyanyua uso ule wenye ndevu za mvi. Sijui alimwona nani. "Muda mrefu," akasema, "hakuna mtu anayeniita. Waliokuwa wakiniita wote wamekwenda." Akangoja kidogo. "Ita tena."

Yunusu akatutazama sisi, akamtazama yule mama wa mwiko. Hakuna aliyemsaidia.

"Mwahija," akasema, kwa mdomo mtupu.

"Abee," akaitika, akampa mkono wamrudishe.

Njiani tulimkuta mwenyekiti na watu wawili, ndiyo kwanza wanatoka. Akampongeza Yunusu kwa kuikabili ile changamoto. Yunusu hakusimama, nami nilishukuru.

Hakuna kilichobadilika mjini, usije ukadhani. Wiki ile ile alikuja mwenye mnada, akataka aanziwe na tangazo muhimu sana, na Yunusu akamwanzia, kwa sababu hajapata namna nyingine ya kuishi. Mashine ipo kwangu tena. Lakini kila jioni akirudi, Yunusu husimama nje ya mlango wake na kuita jina kavu la mama yake, kwa sauti, mtaa mzima usikie. Majirani wanasema siku hizi hana adabu. Yeye anasimama pale na viatu vyake mpaka asikie Abee kutoka ndani, na baadhi ya siku inachelewa kidogo, naye anangoja.